Mpaka Wasogezwa, Muhuri Wanyimwa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako, isiyo kubwa kuliko ile ya tangazo la baiskeli iliyopotea, nipate kuwaeleza wasomaji jambo lililotufika sisi wakaazi wa pembezoni mwa Kabongo, jambo ambalo nimelivumilia tangu mvua za kwanza nikitaraji kwamba wenye mamlaka wangelitengeneza wenyewe, hata nilipoona kimya kinazidi kurefuka ndipo nikaitwaa kalamu.

Mama yangu mzazi, ambaye umri wake umepita miaka themanini na bado hakubali kuchumiwa sombe na mtu mwingine, alikwenda shambani asubuhi moja akakuta mwembe wake umepigwa mstari wa rangi nyekundu, upana wa vidole vinne, nao ulikuwa mbichi bado, kwani alipougusa rangi ilimshika kiganjani. Na mbele yake, hatua kama mia, juu ya kile kichuguu ambacho tangu enzi ya babu zetu ndicho mpaka baina yetu na jirani, palikuwa pamechomekwa kigingi chenye namba. Vijana wawili wenye utepe wa kupimia walikuwa bado wapo. Walimjibu kwa adabu njema, nami sipendi kuwasingizia, ya kwamba mji unaongezwa, na kwamba upande ule wote, kuanzia mwembe hata bondeni, utaingizwa katika eneo la bustani ya watu wote, mahali pa miti na pa kupumzikia. Mama akawaambia, "Wanangu, muhogo huu haujakomaa, mtaningoja?" Hawakuwa na jibu, wala sidhani kwamba waliowatuma walikuwa wamewapa.

Asinifikirie mtu kuwa adui wa bustani. Kila mwenye baiskeli apitaye mlangoni kwangu na magunia yake ya makaa anatuonyesha misitu yetu ilikokwenda, na watoto wa shule, saa sita jua likiwa utosini, hawana kivuli ila cha mabati ya soko. Mji wetu unahitaji miti, na lau ningaliulizwa ningalitoa hata miche. Lakini sikuulizwa, wala mama hakuulizwa, na hapo ndipo lilipo shina la shakwa langu.

Sisi Waluba si watu tusiojua mipaka. Wazee wa chama cha Mbudye walikuwa na lukasa, kibao cha mti kinachotosha kushikwa mkononi, chenye shanga na alama zilizochorwa, na aliyefunzwa kukisoma aliipitisha ncha ya kidole juu yake akahadithia nasaba za wafalme, njia walizopita, na mahali penye heshima katika nchi. Sharti moja la kibao kile ni kwamba hakisemi chenyewe: lazima awepo msomaji, na mbele ya msomaji wawepo wasikilizaji, ambao miongoni mwao hakukosekana mzee wa kukohoa na kusema, hapo umekosea. Kigingi cha siku hizi kina namba tu, na namba haina wa kubishana nayo.

Watu wa jimbo letu la Haut-Lomami wanao mfano ulio mkubwa kuliko shamba la mama. Hifadhi ya Upemba ilianzishwa tarehe 15 Mei 1939 kwa amri ya wakoloni, ikapewa zaidi ya kilometa za mraba 17,000, yaani eneo linalopita nusu ya nchi nzima ya Ubelgiji, na waliokuwa wakilima na kuvua samaki ndani ya mstari ule hawakuwa na pa kupinga, kwa kuwa mwenyeji hakuwa na kura yo yote. Kura ya kwanza walipewa wachache wa Léopoldville, Élisabethville na Jadotville tu, nayo ilikuwa Desemba 1957, ya kuchagua mabaraza ya komini. Hata hivyo mipaka ya Upemba ilikuja kuchorwa upya, na hifadhi ikapunguzwa kwa maelfu ya kilometa za mraba. Nalitaja hili kwa sababu nimesikia watu wazima wakisema barazani kwamba rangi ikishapigwa basi imepigwa. Ikiwa mstari uliochorwa kwa amri ya dola uliweza kurudishwa nyuma, sembuse mstari wa kopo moja la rangi!

Na sisi wa leo tuna silaha ambayo wale wa mwaka 1939 hawakuwa nayo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ile ile tuliyoipigia kura ya maoni Desemba 2005 tukisimama foleni tangu alfajiri, inasema katika kifungu cha 27 kwamba kila Mkongomani ana haki ya kuipelekea mamlaka ombi, akiwa peke yake au pamoja na wenziwe, na kwamba mamlaka hiyo itajibu katika muda wa miezi mitatu; tena ikaongeza kwamba asishtakiwe mtu, kwa sura yo yote, kwa sababu ya kufanya hivyo. Kifungu cha 34 kinazilinda haki za mali zilizopatikana kwa mujibu wa sheria au wa mila, na hakiruhusu mtu kunyang'anywa ila kwa manufaa ya umma na baada ya kulipwa fidia ya haki, itolewayo kwanza. Hayo nimewafundisha watoto darasani miaka mingi, na labda kosa langu ni kuyaamini.

Tulikutana, basi, watu wa mtaa, chini ya mwembe wenyewe, tukaandika ombi la ukurasa mmoja. Hatukukataa bustani, tuliomba tuonyeshwe ramani, tuambiwe ni sheria gani iliyotumika na nani atakayelipa fidia, na mstari urudishwe bondeni ambako hakulimwi. Wakatia sahihi au dole gumba watu sitini na mmoja, kila mmoja akiandika mbele ya jina lake namba ya kadi yake ya mpiga kura, ambayo, kama wasomaji wajuavyo, kwa wengi wetu ndiyo kitambulisho pekee tulicho nacho. Nikalipeleka mimi mwenyewe, nimevaa koti, katika ofisi ambayo sitaitaja.

Karani alilisoma lote, hilo nalishuhudia, kisha akanirudishia dirishani akasema, "Muzee, hii ni maneno ya batekinisyen, haiko ya raia." Nikamjibu kwamba simwombi yeye hukumu, namwomba muhuri wa kupokea, na tarehe. Akasema hana idhini ya kupiga muhuri juu ya karatasi isiyotoka kwa mkubwa wake. Nilirudi mara tatu. Mara ya tatu dirisha lilikuwa limefungwa, ingawa nilimwona akila bukari ndani.

Sasa, Bwana Mhariri, jambo dogo hilo la muhuri ndilo zito kuliko yote, nami nalisisitiza kwa kuwa nimeona wengi wanalipuuza. Miezi mitatu ya Katiba itahesabiwa tangu lini, ikiwa siku ya kupokelewa haikuandikwa po pote? Kadhalika sheria ya tarehe 22 Februari 1977, ihusuyo utwaaji wa mali kwa manufaa ya umma, humpa mwenye mali mwezi mmoja wa kutoa malalamiko yake, na mwezi huo huhesabiwa tangu alipotia sahihi kwamba amepokea habari. Nasi hatukupokea habari ila rangi kiganjani mwa mama. Kwa hiyo saa mbili zilizowekwa na sheria, moja ya kwetu na moja ya kwao, zote zimesimama, na ufunguo wa kuzitia uko kwa karani.

Nimesoma kwamba huko Marekani, katika jimbo la Illinois, bustani zina serikali yake ndogo, yenye mipaka, yenye baraza la kuchaguliwa na yenye kutoza kodi, hivyo mtu anayeingizwa ndani ya mpaka mpya anajua mlango wa kubisha: ni wa baraza hilo la kuchaguliwa. Sisi tumbishie nani? Mabaraza ya seketa na ya machifu yaliyoagizwa na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 hatujayachagua hata mara moja, na Desemba 2023 madiwani wa komini walichaguliwa katika miji mikuu ya majimbo tu, yaani kwa upande wetu Kamina, nasi wa Kabongo tukampigia kura Rais na wabunge, ambao hakuna hata mmoja anayekijua kichuguu chetu.

Naomba mambo mawili tu, na ninayaomba hadharani kwa kuwa faraghani nimeshindwa: kila ofisi inayohusika na ardhi iamrishwe kupokea ombi la raia kwa muhuri na tarehe, liwe la haki au la upuuzi, na wapimaji, kabla ya kufungua kopo la rangi, wabandike ramani sokoni na kwenye milango ya makanisa, mahali ambapo mama zetu hupita.

Ombi letu ninalo bado, ndani ya bahasha ya kaki, dole gumba la mama likiwa la kwanza juu. Jumatatu nitarudi nalo dirishani, na ukiwa umeichapa barua hii, gazeti lako nitalichukua pamoja nalo.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu,
Kabongo