Gazeti Lililohama Mombasa

Mizigo inayopanda treni Kilindini na kupita Changamwe kwenda bara hufuata njia iliyomtajirisha mtu ambaye Wakenya wengi wanamjua kwa bustani yake ya Nairobi tu. Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, akaja Mombasa mnamo 1890 kufungua tawi la kampuni yake. Waingereza walipoanza kutandika reli ya Uganda mwaka 1896, yeye ndiye aliyepewa zabuni ya kuwaletea vibarua kutoka Bara Hindi na kuwalisha. Kwa jumla vibarua zaidi ya 31,000 waliletwa kwa kazi ile, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Jeevanjee alitoka humo akiwa tajiri mkubwa, mwenye majengo na meli.

Kisha akafanya jambo ambalo mfanyabiashara mwenzake yeyote wa wakati ule angeliona halina faida. Mwaka 1902, hapa hapa Mombasa, alianzisha gazeti la kila wiki, African Standard, akamwajiri Mwingereza W. H. Tiller awe mhariri. Gazeti hilo ndilo The Standard la leo. Gazeti kongwe la Kenya lilizaliwa Pwani, kwa fedha za mhamiaji Mbohora.

Hakukaa nalo. Mwaka 1905 aliwauzia Waingereza wawili, nao wakalibadilisha jina likawa East African Standard. Mwaka 1910 likafunga virago, likahamia Nairobi na kuwa la kila siku. Huko likawa kipaza sauti cha walowezi.

Miaka iyo hiyo Jeevanjee alikuwa ameingia katika pambano kubwa kuliko yote ya maisha yake. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwatengea Wazungu peke yao ardhi ya nyanda za juu, na Wahindi waliojenga reli wakaambiwa hawana haki ya kulima huko. Aliteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, Mhindi wa kwanza kuingia humo, akajikuta peke yake mbele ya safu ya Wazungu. Mwaka 1910 alikwenda hadi London kulalamika. Ilimbidi atafute magazeti ya watu wengine yamsikilize, na hapa nyumbani gazeti alilolianzisha kwa mkono wake lilikuwa limesimama na mahasimu wake.

Baada ya hapo mambo yake yalianza kuporomoka. Mkandarasi aliyeinuliwa na zabuni za serikali alikuwa amegeuka mkosoaji wa serikali ile ile, na kazi zake zikakauka. Mali ikayeyuka mwaka baada ya mwaka, na alipofariki mwaka 1936 hakuwa tena tajiri aliyejulikana na kila mtu bandarini. Bustani aliyoitoa kwa wakazi wa Nairobi ilinusurika. Mwaka 1991 ulipoletwa mpango wa kujenga maegesho ya magari hapo, mjukuu wake Zarina Patel aliongoza upinzani, na Wangari Maathai akawa upande wake. Baadaye Patel aliandika kitabu kizima juu ya babu yake. Gazeti halikupata mtetezi wa namna hiyo lilipouzwa.

Kuuza gazeti lile lilikuwa kosa kubwa kuliko hasara zake zote nyingine, na gharama yake hakuilipa peke yake. Meli ikiuzwa, nyingine hununuliwa. Gazeti likiuzwa huondoka na wasomaji wake na imani yao, na mnunuzi anaweza kuvielekeza vyote dhidi ya muuzaji.

Mwandishi Hilary Ng'weno naye alilijua hilo. Alianzisha The Weekly Review mwaka 1975, kisha Nairobi Times mwaka 1977, lakini fedha zilimwishia na mwaka 1983 akakiuzia chama tawala, KANU, gazeti hilo la pili. Likageuka Kenya Times, sauti ya chama. Ng'weno alikuwa mmoja wa waandishi hodari kabisa Afrika Mashariki, na bado hesabu zilimshinda.

Tatizo la Jeevanjee, kutegemea mteja mmoja aliye pia mtawala, halijatuondoka. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianza kupitisha matangazo yake kwa wakala mmoja, na vyombo vya habari vikakaa miaka vikidai mabilioni ya shilingi. Machi 2024 taasisi za serikali ziliagizwa zipeleke matangazo yao ya magazetini kwa The Star peke yake. Barua moja ya ofisini ilitosha kuwanyima wengine riziki.

Sasa tazama tunavyokosa gazeti letu huku Likoni na Mtongwe, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Feri ya Mtongwe ilizama tarehe 29 Aprili 1994 na watu 272 wakafa. Kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa Agosti 1997, watu wakauawa na maelfu wakakimbia makwao. Januari 2016 Rais wa wakati huo alikuja kutoa hati za kumiliki ardhi ya shamba la Waitiki huko Likoni. Kila mara magari ya waandishi yalijaa kivukoni, na kila mara ajenda ya habari ilipangwa Nairobi. Redio za Pwani zinafanya kazi ya kusifiwa, lakini redio husema na kupita. Mzee wa Likoni anayetaka kujua hati ya jirani yake imekwama ofisi gani anahitaji mwandishi atakayerudi huko wiki hii, wiki ijayo na ile itakayofuata, na maandishi ya kuweka.

Fedha zipo. Pwani ina wenye mahoteli, wenye malori ya bandarini, wenye maghala ya Changamwe na Miritini. Wachache wao wakichanga mtaji wa gazeti la Kiswahili la kila wiki, likaishi kwa wasomaji na matangazo ya maduka ya Kisauni badala ya kungoja hundi ya serikali, litaweza kusimama. Na katika mkataba wa kwanza kabisa waandike kwamba hisa haziuzwi nje ya Pwani bila ridhaa ya wafanyakazi na wasomaji wanaolilipia.