District 9: Huruma Iliyokoma kwa Wanigeria

Wapo wanaosema District 9, filamu ya Neill Blomkamp ya mwaka 2009, ni hadithi tu ya viumbe wa anga za mbali, na kwamba anayetafuta suala la rangi ndani yake anajisumbua. Hoja hiyo haisimami. Chombo cha viumbe hao kinaganda juu ya Johannesburg mwaka 1982, makaburu wakiwa bado madarakani. Jina lenyewe la filamu linakumbusha District Six ya Cape Town, mtaa uliotangazwa kuwa wa Wazungu mwaka 1966, kisha zaidi ya watu 60,000 wakahamishwa kwa nguvu.

Mtazame Wikus van de Merwe, ofisa wa kampuni iliyokabidhiwa kazi ya kuwahamisha viumbe, ambao watu huwaita kamba kwa kuwadharau. Anapita kibanda kwa kibanda akidai sahihi, ili dhuluma iwe na karatasi. Mmoja wa anaowafukuza anaitwa Christopher Johnson, jina ambalo hakika hakuja nalo kutoka kwao. Kibanda chenye mayai ya viumbe kinapoteketezwa, Wikus anafurahia mlio wa mayai yakipasuka, anaufananisha na bisi. Hakuna sehemu ya filamu iliyonitisha kuliko hiyo. Mtu huyu ni mchangamfu, hana chuki usoni, anatekeleza ratiba ya ofisi.

Ndani ya filamu, wakazi weusi nao wanahojiwa, nao wanataka kamba waondoke. Maneno hayo yana asili yake: katika filamu fupi iliyotangulia, Alive in Joburg, Blomkamp aliwauliza wakazi halisi kuhusu wahamiaji kutoka Zimbabwe, akayatumia majibu yao kana kwamba yanahusu viumbe. Mei 2008, mwaka uleule District 9 ilipopigwa Soweto, mashambulizi dhidi ya wageni yaliua watu 62 nchini Afrika Kusini.

Ndiyo maana Wanigeria wa filamu hii wananiuma. Ni majambazi, wauza silaha na wala nyama ya viumbe kwa imani za kishirikina, na kiongozi wao anaitwa Obesandjo, jina linalogusana mno na la rais mstaafu Olusegun Obasanjo. Waziri wa habari wa Nigeria wakati huo, Dora Akunyili, alitaka majumba ya sinema yaache kuionyesha. Siungi mkono kuizuia filamu, lakini lalamiko lake lilikuwa la haki. Waliomtetea Blomkamp walijibu kwamba magenge ya Wanigeria yapo kweli Johannesburg. Hayo ndiyo maneno ya wale wanaohojiwa ndani ya filamu: wamewaona wachache wakiiba, wakalihukumu kundi zima.

Kwa hiyo ujumbe upo, na mtunzi mwenyewe ameuvunja. Kamba amepewa mtoto, akili na hamu ya kurudi kwao. Ingetosha kumwonyesha mama mmoja wa Kinigeria mwenye kibanda cha biashara pale Soweto, naye akisukumiwa karatasi ileile aitie sahihi.