Tunausema mwili, sukari tunaitetea



Leo nina neno, na najua wapo litakaowakera. Sisi wanawake wa visiwani tuna ulimi mkali kwa mwili wa mwenzetu, lakini kwa sukari tuna huruma isiyo kifani. Mtu akiingia kwenye shughuli, hajavua hata viatu, keshaambiwa: "Wewe, umenenepa!" Mwembamba naye anaulizwa kama mumewe hamlishi. Akishakaa, yule yule aliyemsema ndiye anayemletea sahani ya kaimati, visheti na soda ya baridi. Akikataa, anaringa. Mwili unashitakiwa, sukari inawekewa wakili. Kesi hiyo tumeigeuza miguu juu, kichwa chini.

Mimi ni fundi wa kushona, miili ya wanawake naijua kwa futi. Nikishakupima kifua, kiuno na nyonga naandika namba kwenye daftari, basi. Namba ile hainiambii unakula nini wala una tabia gani. Wapo wateja wangu wanene wanaokula kidogo kuliko mimi, na wapo wembamba wanaomaliza sinia. Uzazi, umri, damu ya ukoo, dawa za hospitali, kazi ya kukaa kutwa kama hii yetu ya cherehani, vyote vinaingia kwenye kiuno. Anayemtazama mtu akadhani ameshaujua ulafi wake, huyo anasengenya tu, na kusengenya sote tunajua hukumu yake.

Matokeo ya maneno yale yanakuja kuishia dukani kwangu. Biarusi analeta kitambaa, namsomea kiuno inchi 36, ananiambia: "Andika 32, nitapungua." Harusi imebaki wiki tatu! Mkobani ana unga wa "kukata tumbo" aliouziwa kwa simu, hauna jina la aliyetengeneza wala maelezo ya kilichomo. Mwengine amejifunga mkanda hata pumzi inampaa. Dada zangu, dawa ya kuharisha haiyeyushi mafuta. Inatoa maji mwilini, na ukinywa maji uzito unarudi pale pale. Nguo mimi naishona kwa kipimo cha leo, ndani ya mshono naacha akiba ya kitambaa. Anayetaka nimkatie nguo ya mwili ambao hanao, namrudishia kitambaa chake.

Sasa ngojeni niwaonyeshe kinachosahauliwa. Mwanamke huyo huyo anayeteswa na kiuno, akicheka anavuta mtandio kufunika mdomo. Meno ya mbele yana weusi, magego mawili hayapo, moja linamuuma usiku. Kwa hilo hakuna anayemsema na hakuna anayemshughulikia. Anaambiwa ndiyo ukubwa huo. Kumbe jino lake lilianza kutoa ushahidi dhidi ya sukari miaka mingi iliyopita, sisi tukaziba masikio.

Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2015 lilishauri kwamba sukari tunayoongeza kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwa siku, na ikiwa chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Asilimia 5 kwa mtu mzima ni kiasi cha gramu 25, yaani vijiko 6 vya chai. Haya, hesabu mwenyewe. Chai ya asubuhi vijiko 3, chai ya saa nne vijiko 3: fungu lako la siku limekwisha na adhuhuri haijaadhiniwa. Bado juisi ya ukwaju ya mchana, bado chai ya alasiri, bado andazi lenyewe. Na chupa moja ya soda ya mililita 350 huwa na vijiko vinane au tisa peke yake.

Kwenye meno hesabu ni nyengine, na hii ndiyo wengi hatukufundishwa. Mdomoni mna vijidudu vinavyokula sukari ile ile tunayokula sisi, na vikishaila vinatoa asidi. Asidi hiyo inalila jino kwa nusu saa hivi, pengine zaidi, mpaka mate yaje yaizimue na kuanza kulitengeneza tena jino. Ukinywa chai tamu mara moja pamoja na chakula, mate yanapata nafasi yao. Lakini ukiiweka chupa ya chai pembeni ya cherehani, ukawa unapiga funda kila baada ya robo saa tangu asubuhi hadi alasiri, jino halipumziki kutwa. Kwa hiyo usihesabu vijiko tu. Hesabu na mara ngapi sukari inapita mdomoni.

Jino likishakufa, linaanza kukuchagulia chakula. Mwenye magego mabovu hawezi kutafuna karoti, nyama wala pweza. Anaishia kwenye boflo la kuchovya kwenye chai, uji, tambi za sukari, mkate wa kumimina. Vyote laini, na vingi vitamu. Mwili unaongezeka, watu wanasema. Yakija maradhi ya kisukari, fizi zinazidi kuugua, na fizi zikiugua sukari ya damuni inakuwa ngumu kushuka. Mdomo na kiuno ni nyumba moja, sisi tunagombana na ukuta wa nje huku msingi unaliwa.

Utasikia pia kwamba mtoto tumboni amemla mama yake meno. Si kweli, mtoto hachukui chokaa kwenye meno ya mama. Mimba inafanya fizi zivimbe na kutoa damu kwa urahisi, kutapika kunaleta asidi ya tumboni mdomoni, na yale ya kutamani vitu vitamu kila saa yanamalizia. Ukitapika, sukutua kwa maji kwanza, usikimbilie kupiga mswaki hapo hapo. Na mjamzito anatibiwa meno kama mtu mwengine, amwambie tu daktari kwamba ana mimba. Ukimwachia mtoto lawama, unapoteza meno na bado hujajua sababu.

Watoto nao tunawaandalia njia hiyo hiyo. Ubuyu wetu mwekundu, huu tunaowapelekea watu wa Bara kuwa ni zawadi, ni mbegu iliyovikwa sukari. Mtoto anaumumunya kutoka skuli mpaka anafika chuoni, mama anasema si kitu, hayo ni meno ya utotoni yatang'oka. Sikilizeni vizuri: gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya meno ya utotoni, wala halingoji jino jengine ling'oke. Mama hajui kama limeota. Likioza anadhani ni la utotoni, na hilo halina mrithi.

Jino likiuma tuna karafuu, alhamdulillah. Na kweli karafuu inasaidia. Mafuta yake yana kitu kinachotia ganzi, hata madaktari wa meno wanayatumia kwenye baadhi ya dawa za kuzibia. Lakini kutia ganzi si kutibu. Tundu liko pale pale, ila limenyamazishwa. Mtu anakaa miezi na karafuu yake mpaka shavu livimbe, akifika hospitali hakuna cha kuziba tena, ni kung'oa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wa jino unajengwa kwa gharama kubwa kuliko wa nyumba ya udongo.

Najua majibu yenu. La kwanza, sukari ni ukarimu. Jamani, sisi ni kisiwa cha viungo! Chai yenye hiliki, mdalasini na tangawizi ina haja gani ya vijiko vitatu? Mgeni mletee sukari kwenye bakuli lake atie atakavyo. Kumtilia kabla hujamuuliza, kisha ukamsema mwili wake, huo si ukarimu. La pili, hatuna pesa. Hilo nalipa heshima yake, maana najua shilingi inavyotafutwa. Lakini maji ni rahisi kuliko soda, na mswaki na dawa yake yenye floraidi ni rahisi kuliko kung'oa jino, sembuse kuweka la bandia. Umasikini unatubana mengi, ila haukutuamrisha kununua kreti za soda kwa arubaini ya mtu.

Na dini yetu tunaijua. Mtume (S.A.W.) aliusisitiza mswaki hadi ikawa karibu kuwa amri kwa kila sala, na hilo neno letu mswaki limetokana na miswaki yenyewe. Akatufundisha tumbo tuligawe: fungu la chakula, fungu la maji, fungu la pumzi. Kisha Ramadhani ikifika, sisi tunafunga kutwa tukafungulia kaimati zilizozama shira, tambi, na juisi ya sukari, tukaendelea kumumunya hadi daku. Mswaki tunausifia mawaidhani, nyumbani umekauka kwenye kikombe.

Basi nataka mambo manne. Kwenye shughuli zetu maji yatangulie, soda ikiwepo iwe ya kuombwa. Chai na vitamu viliwe pamoja na chakula, visiwe vya kutafunwa kutwa. Kila mtu nyumbani, mkubwa na mtoto, apige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kisha asile tena. Tundu likionekana aende siku hizo hizo, asingoje usiku wa kilio.

La tano ni la ulimi. Mwenzako akiingia, mwambie karibu, muulize hali, muulize watoto. Kiuno chake niachieni mimi na futi yangu.

Wabillahi tawfiq.