Bwawa Linalosafishwa na Mimea
Huko Riehen, mji mdogo unaopakana na Basel nchini Uswisi, watu huogelea tangu 2014 katika bwawa la umma lisilotiwa klorini hata tone. Wasanifu Herzog & de Meuron walishinda shindano la kulibuni mwaka 1979, likiwa bado bwawa la kawaida la mashine na dawa. Mpango ukakwama, na ulipofufuliwa mwaka 2007 wakaachana na mchoro wa zamani, kazi ya kusafisha maji wakaiachia ardhi. Maji yaliyokwisha kuogewa husukumwa hadi kwenye matuta ya mimea mteremkoni, ng'ambo ya barabara, yakapenya taratibu katika tabaka za kokoto, mchanga na udongo. Humo bakteria hula uchafu, kisha maji hurudi bwawani. Mfumo huu umepangiwa waogaji wasiozidi 2,000 kwa siku, maana viumbe hai hawaongezewi nguvu kwa kumiminiwa dawa. Ukomo huo naupenda kuliko hata kuta za mbao za bwawa hilo, ingawa nazo zinapendeza, zikikumbusha nyumba za kale za kuogea za mto Rhine. Mtoto anayejua kwamba maji anayochezea yametoka mizizini atautazama kwa jicho jingine mto Wiese unaopita jirani. Halmashauri yoyote inayochora bwawa jipya ingeulizwa kwanza maji yatasafishwa na nini na yatakwenda wapi. Rangi ya vigae inaweza kusubiri.