Mbita imekuwa mji; omena ianikwe wapi?

Mbita, katika Kaunti ya Homa Bay, ilikuwa bandari ya wavuvi kabla ya kuwa mji. Mashua zilifika na ngege, baadaye na mbuta, na wanawake wakaanika omena, yaani dagaa, ufuoni juu ya nyavu kuukuu. Leo lami kutoka mjini Homa Bay inafika hadi penye nyumba za kupangisha, benki na hoteli zinazotazama Ziwa Victoria.

Fedha za kwanza zilitoka majini, hasa viwanda vilipoanza kununua mbuta kwa soko la Ulaya. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kilifungua tawi Mbita na kuleta watu wa mshahara waliohitaji nyumba. Ugatuzi wa mwaka 2013 ukaongeza watumishi wa kaunti.

Ujenzi wa mji ulikuwa na kosa moja kubwa. Katika miaka ya 1980 kisiwa cha Rusinga kiliunganishwa na bara kwa tuta. Magari yakapita, maji yakazuiliwa: mlango wa ziwa ukazibwa na maji yakatuama. Miaka mingi baadaye ilibidi lijengwe daraja ili maji yapite tena.

Ufuoni sasa kuna hatari ya kosa la aina hiyo hiyo. Omena hukaushwa kwa jua, na kuianika kunahitaji uwanja mpana karibu na mashua. Ploti ya kando ya ziwa ikizungushiwa ukuta, mama mwanikaji husukumwa mbali na hulipia zaidi kubebewa mzigo. Mvua ikimkuta hajaanua, omena huharibika na kuuzwa kwa bei ya chini kuwa chakula cha kuku. Kamati za usimamizi wa fuo, BMU, husimamia mashua, nyavu na samaki. Lakini hati za ardhi hutolewa kwingine. Hapo ndipo mvuvi anapopoteza, na ni dhuluma, kwa kuwa jasho lake ndilo lililoupa mji mtaji. Mwenye ukuta naye hana usalama: mwaka 2020 ziwa lilipanda na kufurika hadi ndani ya nyumba za kando yake.

Katika Kaunti ya Migori, Muhuru Bay na Sori bado zina nafasi ya kuepuka kosa hilo. Viwanja vya kuanikia, njia za kufikia maji na eneo la mafuriko vipimwe na kusajiliwa kuwa ardhi ya umma kabla ploti za ufuoni hazijagawanywa.