Meno Mawili Mahali Pamoja

Mwezi wa Aprili, msimu wa watalii ulipokwisha na mvua za masika zilipoanza kuinyeshea Malindi, mzee mmoja, mlinzi wa jumba la kukodishwa upande wa Casuarina, alinijia akiwa na kikapu cha ukili. Ndani ya kikapu mlikuwa na kilebu mweupe mwenye manyoya marefu kama pamba iliyochambuliwa, mdogo hata ungemdhania paka. Wenyewe walikuwa wamerejea Ulaya na kumwachia mzee mnyama huyo wa miezi sita, pamoja na karatasi moja waliyopewa na daktari wa wanyama kabla ya safari. Karatasi ilikuwa kwa Kiingereza. Mzee hasomi Kiingereza, lakini alikuwa amesikia kwamba mimi hufundisha lugha katika chuo kikuu; akakata shauri kwamba karatasi hiyo ni kazi yangu.

Kabla sijaisoma alinieleza kwa maneno yake mwenyewe: "Mwalimu, huyu ana meno mawili mahali pamoja."

Sikuhitaji kuisoma karatasi. Yaliyoandikwa mle kwa istilahi za Kilatini na Kiingereza, mzee alikuwa ameyasema kwa maneno machache, na kwa usahihi usioacha shaka. Kilichonisikitisha ni kwamba hakuja kwangu kwanza. Kwa wiki tatu karatasi ilikaa mfukoni, na katika muda huo jirani mmoja, fundi wa baiskeli, alijitolea kuling'oa jino la ziada kwa koleo. Jino lilikatika kwenye ufizi, mzizi ukabaki ndani, na siku aliyonijia, shavu la mnyama lilikuwa limevimba na kutunga usaha.

Naomba wasomaji wanivumilie nieleze jambo hili, maana walimu wengi wa mwambao huu, tangu Mtwapa hadi Mambrui, wana vijibwa nyumbani, au wana wanafunzi wenye vijibwa. Mtoto wa binadamu huota meno 20 ya utotoni, kisha mtu mzima huwa na 32. Mbwa huota 28 ya utotoni, na akikomaa huwa na 42. Meno ya kwanza huanza kuchomoza akiwa na umri wa wiki tatu hivi. Kuanzia mwezi wa tatu au wa nne huanza kung'oka moja moja, na ifikapo mwezi wa saba meno yote ya ukubwani huwa yametoka. Kwa kawaida jino jipya likichipuka chini ya lile la zamani, mzizi wa la zamani hulika polepole hadi likose pa kujishikiza, likadondoka. Mara nyingi mbwa hulimeza na mwenyewe asijue kwamba limetoka.

Kwa mbwa wadogo wa kigeni, kama vile Chihuahua, Yorkshire Terrier, Maltese na Pomeranian, mpango huu huvurugika mara kwa mara. Mzizi wa zamani haulikiki, na jino jipya hulazimika kupita kando. Jino linaloathirika zaidi ni lile ambalo Kiswahili hulipa jina zuri la chonge, yaani jino refu lenye ncha. Chonge jipya la juu huota mbele ya lile la utotoni; la chini huota upande wa ndani, karibu na ulimi. Hili la chini ndilo la hatari, kwa sababu likizuiliwa kwenda mahali pake, mbwa akifunga kinywa humchoma kwenye kaakaa, na hatimaye huweza kumtoboa. Isitoshe, katika upenyo ulio baina ya meno hayo mawili hunasa chakula na nywele, ufizi huoza, na jino la ukubwani ambalo lingedumu maisha yake yote hulegea mapema.

Kanuni ya matabibu ni fupi: meno mawili ya aina moja hayafai kukaa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Maadamu jipya limekwisha kuchomoza na la zamani limeshikilia imara, la zamani lazima ling'olewe, na liondolewe upesi. Kusubiri hadi mwaka utimie kwa matumaini kwamba litajing'oa ni kujidanganya, kwani taya hukomaa na jino jipya likazoea upogo. Wako wanaosema mbwa apewe mfupa au kamba avutane nayo. Hilo huweza kulimalizia jino lililokwisha kulegea, lakini lenye mzizi kamili litavunjika tu, kama lilivyovunjika kwa koleo la jirani yetu. Mzizi wa chonge la utotoni ni mwembamba, umepinda, na ni mrefu kuliko sehemu inayoonekana nje. Kuutoa bila kuuvunja wala kuliumiza jino jipya lililo ubavuni mwake kwahitaji ganzi ya kumlaza mnyama, kifaa chembamba, na mkono uliofunzwa.

Hapa ndipo somo langu linapoingia. Kila mwalimu wa Kiswahili nchini Kenya amewakaririsha wanafunzi orodha ya watoto wa wanyama. Hadi KCPE ilipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mtoto wa darasa la sita aliweza kukutajia ndama, kinda, kisuse na kilebu bila kusita. Lakini mwulize mtoto huyo, sasa kijana wa sekondari, kilebu wake ana meno mangapi, au chonge ni jino lipi, naye atakukodolea macho. Tumewapa maneno bila vitu vyake. Kilebu limekuwa jibu la mtihani, ilhali aliye uani anaitwa kwa Kiingereza.

Na matabibu wetu, ambao nawaheshimu sana, wana kosa la upande wa pili: wana vitu bila maneno. Wamesomea Kabete kwa Kiingereza na huandika kwa Kiingereza, hata kama anayepokea karatasi ni mlinzi wa Kigiriama ambaye ndiye atakayemlisha mnyama asubuhi na jioni. Ingegharimu nini kuandika, "Ana machonge mawili ya utotoni yaliyogoma kutoka, yang'olewe na daktari kabla ya mwisho wa mwezi, yasivutwe nyumbani"? Msamiati wote upo: chonge, gego, ufizi, kaakaa, mzizi, taya. Hakuna hata neno moja la kuundwa na kamati. (Wenzangu wa sarufi watateta juu ya wingi wa chonge, kama ni chonge au machonge. Nawaachia mjadala huo.)

Hata jina la kazi yenyewe lina kasoro. Tunasema daktari wa mifugo, na mwenyeji wa hapa akisikia mifugo huona ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mzee aliniambia waziwazi kwamba hakudhani daktari huyo angemshughulikia mbwa wa mtu asiye na zizi. Ninapendelea daktari wa wanyama.

Yapo mambo mengine yanayotuzuia kutazama kinywa cha mbwa. Sehemu kubwa ya watu wa mji wa Malindi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na mate ya mbwa kwao ni najisi inayotaka kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hilo ni la kuheshimiwa, wala halipingani na huruma: Hadithi inasimulia mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Mwenye kuchelea najisi ana glavu, au humwita daktari. Isitoshe, kutahadhari na mate ya mbwa asiyechanjwa ni busara kwa mtu wa dini yoyote, maana kichaa cha mbwa huambukizwa kwayo, na Kenya yenyewe ilijiwekea mwaka 2014 lengo la kukitokomeza kufikia 2030.

La kusikitisha zaidi ni nuksi. Jirani mwingine alimshauri mzee amtupe mnyama, eti meno yaliyopandana ni dalili mbaya. Msomaji wa kamusi atakumbuka neno kigego, au kijego: mtoto aotaye meno ya juu kwanza, ambaye wazee wa zamani walimhofu kwa kudhani ataleta balaa. Neno hilo ni kaburi la watoto wasio na hatia. Sikutarajia kukutana na ukoo wake uani kwangu, akitafutwa kilebu.

Kisheria, mambo si mabaya. Sheria ya mwaka 2011 imeiachia kazi hii watu waliosajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti usimamizi na ustawi wa wanyama, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa. Kaunti ya Kilifi basi ina haki ya kumtaka kila anayeleta au kuuza vijibwa hivi awe na karatasi ya chanjo na ya uchunguzi wa kinywa, iliyoandikwa kwa lugha ya atakayebaki na mnyama. Na kwa kuwa ila hii hufuata ukoo, mbwa aliyeng'olewa machonge kwa daktari asizalishwe. Wauzaji hawatalipenda neno hili.

Tulimpeleka kilebu Mombasa. Mzizi uliovunjika ulitolewa, pamoja na chonge tatu za utotoni zilizosalia, kwa gharama iliyozidi mara kadhaa ile ambayo wenyewe walikuwa wamemwachia mzee. Chonge la chini la kushoto limebaki limepinda kidogo na daktari anataka kulitazama tena baada ya miezi mitatu. Safari hii niliomba karatasi iandikwe kwa Kiswahili. Kijana aliyetuhudumia alicheka, akafikiri kidogo, kisha akauliza neno la ufizi ni lipi.