Kubadili kamera: hesabu kwanza, tamaa baadaye

Mwenye studio ya picha za bidhaa hufika siku akajiuliza kama aendelee na kamera aliyonayo au auze kila kitu na kuhamia kampuni nyingine. Swali hilo limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2018, Canon na Nikon zilipoingiza sokoni kamera zisizo na kioo zenye sensa ya milimita 36 kwa 24 na mdomo mpya wa kushikia lenzi. Si suala la ufundi peke yake. Ni suala la mtaji, na linamgusa pia mfanyabiashara aliyeweka fedha zake katika studio hiyo.

Fedha nyingi za studio haziko kwenye kamera. Ziko kwenye lenzi, taa na vifaa vinavyoshikamana navyo. Kamera huchakaa na bei yake hushuka upesi, lakini lenzi nzuri hudumu miaka mingi. Anayehama huuza vyake kwa bei ya mtumba na kununua vipya kwa bei ya dukani. Pengo hilo ndilo gharama halisi ya kuhama.

Historia inafundisha. Mwaka 1987 Canon ilileta mdomo wa EF, na wenye lenzi za zamani za FD wakakuta haziingii moja kwa moja kwenye kamera mpya. Nikon ilibaki na mdomo wake wa F tangu 1959. Safari ya 2018 kampuni zote mbili zilitoa adapta, hivyo lenzi nyingi za zamani zinafanya kazi kwenye kamera mpya. Zipo lenzi za zamani za Nikon ambazo kwa adapta hiyo hupoteza ulengaji wa otomatiki, lakini kwa mpiga picha za bidhaa hasara hiyo ni ndogo, kwa kuwa mara nyingi hulenga kwa mkono.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Chupa ya manukato haikimbii. Kasi ya kufuata ndege arukaye, ambayo matangazo ya kamera huisifu sana, haimsaidii anayepiga picha ya kiatu kilichotulia juu ya meza, kamera ikiwa kwenye stendi na lenzi imebanwa hadi f/8 au f/11. Ubora wa picha hiyo hutoka kwenye taa, usafi wa bidhaa na mkono wa fundi. Amazon, kwa mfano, hutaka picha kuu iwe na mandhari meupe kabisa, na pikseli 1,000 upande mrefu zinatosha mteja kuikuza. Kamera ya megapikseli 24 hutoa pikseli 6,000 upande huo.

Ichukuliwe mfano. Kuhama kunamgharimu mwenye studio shilingi 9,000,000 baada ya kuuza vya zamani. Kila picha humwachia shilingi 6,000 baada ya gharama. Atahitaji picha 1,500 za ziada kurudisha fedha hizo. Kama kamera mpya itamletea kazi 25 zaidi kila wiki, atasubiri wiki 60. Kama haitaleta mteja hata mmoja mpya, hatarudisha kitu, na iwapo fedha ni za mkopo, riba itamfuata mlangoni.

Hata hivyo, zipo sababu za haki za kuhama. Kamera inayoharibika kila mara na kukosa vipuri hupoteza wateja. Mpiga picha za vito na saa, anayeunganisha picha nyingi ili kitu chote kionekane wazi, huokoa muda akipata kamera inayosogeza ulengaji yenyewe. Mteja anayelipia mabango makubwa naye anaweza kudai picha kubwa zaidi. Sababu hizo zote hupimika kwa saa au kwa shilingi.

Asiyeweza kuzipima na aanze kwa kukodi kamera hiyo wiki moja na kuifanyia kazi za kawaida, kisha alinganishe ankara zake. Akiona picha zimebaki zile zile, fedha hizo azielekeze kwenye taa. Wahenga walikwishasema: usiache mbachao kwa msala upitao.